Kiganja Kimoja Pungufu

Murtaz, seremala wa Kutaisi, aliuvika ukanda wa shaba
ukingo wa meza ya mjozi, meza ya duaradufu,
urefu sentimita mia mbili arobaini, upana mia na hamsini.
Alichukua nusu ya huu na nusu ya ule,
akatafuta wastani, akapiga hesabu ya duara la kawaida,
akakata.
Ukanda ukazunguka, ukazunguka, ukakoma.
Ncha haikuiona ncha mwenzake.
Kati yao mbao tupu, upana wa kiganja.

Na wenye meza wanakuja Jumapili:
ndugu watatu waliogombea shamba la mizabibu
hadi wakawa wanasalimiana kupitia wakili,
kisha wakaagiza meza isiyo na pembe
ili asiwepo wa kukaa mahali pa mkubwa.

Tsiuri wa ghorofa ya pili akashuka na kandambili.
Miaka thelathini na mmoja alikaa chumba cha majedwali
akizungusha mkono wa mashine nyeusi,
krr, krr, krr, ting,
akikokotoa integrali ambazo hazifunguki
kwa ufunguo wowote wa shuleni.
Si kwa sini, si kwa logi.
Ziligoma. Wakubwa wakazipa majina yao wenyewe
wakaziacha zijitegemee.

"Ukingo huu hauna kanuni fupi," alisema.
"Una mlolongo. Kila neno hulizaa linalofuata
kwa sehemu unayoijua kabla hujafika,
na la mwisho halipo. Inamisha meza. Nipe penseli."

Akaandika uvunguni.
La kwanza: mia sita kumi na mbili na ushee.
"Hapa ndipo uliposimama wewe."
La pili: nane, na kidogo.
Murtaz akaweka mkono kwenye pengo. Mkono ukaenea.
La tatu: robo ya milimita.
"Hilo iachie tupa."

Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba hiki hakijai,
hukaribia tu.

Angeweza kupanda ngazi akalale.
Akabaki, akakalia gunia la randa,
akamtaja Eteri.

Meza mbili zilizotazamana, jedwali moja,
kila mmoja akilikokotoa peke yake, marufuku kuzungumza.
Kuna njia nyingine, alisema, ya namba mbili:
moja huchukua wastani wa jumla yao,
nyingine kipeo cha pili cha zao lao,
kisha hurudia, kila moja ikimwangalia mwenziwe.
Mia na ishirini, sabini na tano.
Tisini na saba na nusu, tisini na nne na ushee.
Mara ya pili zote ziko tisini na sita,
mara ya tatu huwezi kupitisha wembe kati yao.
"Hivyo ndivyo tulivyokuwa, saa kumi na moja jioni,
tukilinganisha karatasi."

Isipokuwa ukurasa wa arobaini na moja.
Tarakimu ya saba baada ya nukta:
Eteri alikuwa na sita, Tsiuri nne.
Tsiuri alikuwa na cheo.
Eteri akatazama nne ile, akatazama dirisha, akatia saini.
Mwezi wa tatu alihamia kwa mwanawe, mbali.
Tsiuri alirudia hesabu baada ya kitabu kutoka.
Sita.

"Imo humo hadi leo, na hakuna daraja lililoanguka.
Siku hizi simu inakupa jibu kabla hujapumua.
Nani atafungua ukurasa ule?
Nilisubiri barua ya mtu yeyote, msomaji, mkorofi,
aniambie nimekosea."

Murtaz hakujua la kusema. Alikuwa fundi wa mbao.
Alichomelea kipande, akapiga tupa,
na mshono ukabaki, mwembamba, unaonekana ukiujua.
Alipoigeuza meza asafishe uvungu
alifika kwenye zile namba na msasa mkononi,
akaziruka.

Jumapili ndugu mdogo aliketi penye mshono.
Hakuna aliyempangia.
Jioni nzima, wakubwa wake wakinong'onezana kuhusu mipaka,
kidole gumba chake kilikwenda na kurudi pale,
kwenda na kurudi,
kama mtu aliyekuta kosa
na hajaamua kama atalisema.